Chui wa Urithi

Kijijini Kichongoni, kusini ya msitu wa Jozani, watu wote walijua kuwa Bi Mwatima anafuga chui, isipokuwa Bi Mwatima mwenyewe. Yeye alijua kuwa hana chui, hana paka, na kuku waliombakia ni watatu, mmoja kipofu.

Chui alikuwa wa mumewe, marehemu Borafya, na Borafya naye hakuwa na chui. Alichokuwa nacho ni kipande cha mti wa mpera alichokichonga kwa kisu mpaka kikawa wayo kamili, kitanga na vidole vyake vinne. Kila baada ya miezi miwili mitatu alitoka nacho alfajiri, akakigandamiza kwenye udongo laini pembeni ya shamba lake, akarudi kunywa uji. Hakumtishia mtu, na alipoulizwa alicheka tu. Yaliyobaki watu waliyamaliza wenyewe, maana kwetu Unguja chui akionekana karibu na majumba huwa ana mwenyewe, na mwenyewe akiudhiwa humtuma. Kwa hiyo muhogo wa Borafya haukuibwa, na ndizi zake ziliiva mtini, jambo ambalo Kichongoni ni muujiza.

Mwaka wa sabini na moja Borafya akafa. Alikuwa keshampa mkewe shamba lile, hiba, kwa kauli yake mbele ya mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza alitangulia mbele ya haki kabla yake. Wa pili ni Usi, mdogo wake marehemu, na Usi tangu siku ya mazishi kumbukumbu zilimtoka. Hakuikumbuka hiba, hakukikumbuka kikao, hata kahawa aliyokunywa siku ile hakuikumbuka. Alichokumbuka vizuri ni kwamba ndugu yake hakuacha mtoto, na mrithi mkubwa ni yeye. Eda aliiheshimu, asisingiziwe. Alikaa kimya miezi minne na siku kumi, na kesho yake akaonekana anapima mipaka kwa hatua, midomo inahesabu.

Kilichomzuia asiingie na jembe ni chui tu. Na sasa chui mwenyewe alikuwa mashakani.

Simai, katibu wa tawi, alikuwa kijana wa kalamu mfukoni, na habari za chui wa kufugwa zilimkera. Siku ya Ijumaa akapata nafasi ya kuzimaliza. Jaku, mlinzi wa msitu ambaye pia huwatembeza wageni, alileta habari kuwa Jumapili atakuja mgeni kutoka mjini, Bwana Hasnain, mpiga picha wa Mkunazini, pamoja na mkewe, Mumtaz. Mwaka uliopita Hasnain alikwenda bara, akatembea nusu siku kwa miguu nyuma ya mwongozaji mpaka akamwona kifaru na mwanawe, na tangu hapo kila aliyekwenda kwake kupigwa picha alipewa na hadithi ya kifaru juu yake. Sasa alitaka kumfuata chui wa Unguja, vilevile kwa miguu, kwenda na kurudi siku moja. Simai akasema atafuatana nao. Ikifika adhuhuri hawajaona hata wayo, atatangaza mkutanoni kuwa Kichongoni hakuna chui wala mfuga chui. Usi aliposikia akaenda kununua mpini mpya wa jembe.

Jaku ndiye aliyekwenda kumweleza Bi Mwatima, kwa sababu ada ni ada. Chui wa mtu hafuatwi mpaka mwenyewe aombwe ruhusa. Bi Mwatima akaitoa, tena kwa sauti ya mtu mwenye chui wawili. Lakini Jaku alipoondoka aliogopa. Umri wake umepita hamsini, mtoto hana, wazee wake wote wako kaburini; ukimwondolea shamba lile anabaki na mkeka na kuku watatu. Akamkumbuka Borafya akamlilia kidogo, kisha akamkasirikia kidogo kwa kumwachia mali ya kuchongwa, halafu akaenda kukitafuta kile kipande cha mpera juu ya dari.

Jumapili, alfajiri haijapambazuka sawasawa, alikuwa ukingoni mwa msitu, chini ya mitondoo, kwenye tope. Akapiga wayo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kazi haikuwa nyingi, kwani ardhi ya kule karibu yote ni mawe, udongo ni wa kuokoteza, na chui akipita juu ya jiwe hakuna anayemdai wayo. Kila alipomaliza alizifuta nyayo zake mwenyewe kwa tawi. Hilo lilikuwa jambo la lazima, maana mguu wake wa kushoto una vidole vinne, cha tano kilikwenda na jembe zamani, na mguu ule Kichongoni nzima inaujua. Akamtembeza chui wake kutoka msituni, akamkatisha shambani, akamteremsha njiani, akamfikisha mpaka uwanja wa mchanga mbele ya nyumba ya Usi. Pale akampa nyayo saba, nzuri kupita zote, mpaka kizingitini.

Akageuka azifute zake. Usi akakohoa ndani, na mlango wa uani ukalia.

Bi Mwatima alikimbia kama msichana. Alipofika kwake akavuta pumzi, akajiambia atarudi kufagia Usi akishatoka kuswali. Lakini hata hajakaa vizuri, akasikia hodi. Wageni walitoka mjini na gari ya mwanzo, na Mumtaz keshavaa viatu vya kutembelea.

"Shikamoo, Bi Mwatima," alisema Jaku. "Tumekuja kwa ile ruhusa."

"Marahaba. Ruhusa mnayo," alisema. "Lakini nami nakwenda. Asije akashituka akiona wageni."

Kumbe aliyeshituka ni yeye. Njia nzima alikuwa na picha moja tu kichwani, wayo wa vidole vinne wa binadamu pembeni ya wayo wa chui, uwanjani kwa Usi, na Simai ameinama na kalamu yake.

Na Jaku, maskini, ndiye aliyemtia hofu zaidi. Miaka yote ya kutembeza wageni hajawahi kuona hata ukucha wa chui. Kawaida yake huwaonyesha kima punju juu ya miti, akawaambia chui kapita sasa hivi, wamechelewa kidogo tu, na wageni huridhika. Siku hiyo alipouona wayo wa kwanza topeni alisimama, mkono juu ya moyo. Kisha akawa mtu mwingine. Alipiga magoti, akapima kwa shubiri, akaonja udongo bila sababu yoyote. Hasnain akapiga picha, akaeleza kuwa kifaru naye hufuatwa hivi hivi, ila kwa kifaru ukiangalia vizuri utakuta na samadi. Simai tangu hapo alitembea katikati ya wenziwe, mbele hataki na nyuma hataki.

Bi Mwatima alijaribu kila njia. Aliwaambia mnyama yule saa hizi hulala, ni adabu kumwacha. Jaku akajibu kwa unyenyekevu kuwa watamfuata polepole. Aliwaambia kwenye uwanda wa mawe watampoteza, na Jaku akaruka mawe yote akaenda moja kwa moja kwenye kiraka cha udongo ambako yeye mwenyewe alichagua kupiga wayo kwa sababu palikuwa pazuri. Akasema miguu inamuuma. Mumtaz akampa mkono wake wafuatane nyuma, akamnong'oneza kuwa hata yeye viatu vinamchuna na laiti angebaki Mkunazini. Bi Mwatima alitamani kumwambia ukweli mwanamke yule. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo ulikuwa hatua mia mbele.

Nyayo zilipokatisha shamba na kuteremka njiani, Jaku akapunguza mwendo. Naye alishaona zinakoelekea. Chui wa mtu ukimfuata mpaka mwisho hukufikisha mlangoni kwa mtu, na mlango ule haukuwa wa Bi Mwatima. Akamtazama kwa upande. Bi Mwatima akatazama chini.

Wakatokeza uwanjani kwa Usi, na hapo ndipo Bi Mwatima alipoinua macho.

Uwanja mzima ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio wa chelewa ilikuwa bado mipya, kutoka njiani mpaka ukutani, hakuna jani wala mavi ya kuku. Hapana wayo wa mtu hata mmoja. Katikati tu, kwa mstari, nyayo saba za chui ziliachwa zilivyo, na ufagio umezizunguka moja moja, kwa uangalifu, mithili ya mtu anayepalilia bilingani. Kizingitini alikaa Kazija, mkewe Usi, anachagua mchele kwenye ungo, na hakuna mchele uliowahi kuchaguliwa kwa makini kama ule.

Simai akauliza vipi amefagia uwanja na hizi akaziacha.

"Kitu cha watu," alisema Kazija bila ya kuinua uso. "Mie nikifute vipi?"

Usi alitoka ndani na mswaki mdomoni. Aliwaona wageni, akaiona kamera, kisha akafuata macho ya watu mpaka chini, mpaka kizingitini kwake. Mswaki ukaanguka.

Bi Mwatima hakujua ufagio ule umetoka wapi, lakini alijua umempa nini. Akakaza kanga yake, akasogea.

"Shemegi, usiogope," alisema. "Kaja kukusalimia. Huyu hamfuati mtu, anafuata shamba. Marehemu aliniambia, mwenye shamba ndiye mwenye chui, na akibadilika mwenye shamba, chui huja kujijulisha. Kazi yake si kubwa. Kila mwezi mpya anataka mbuzi mmoja, mzima. Akimkosa, hutazama aliye karibu."

Usi aliuliza aliye karibu maana yake nani. Bi Mwatima akasema hilo marehemu hakulifafanua, ila alikuwa hakosi mbuzi.

Simai akaona ni wajibu wake kusema kitu. Akasema serikali haitambui urithi wa chui. Alisema hivyo kutoka nyuma ya Jaku.

"Na kama shamba si langu?" aliuliza Usi.

"Likiwa langu atarudi kwangu, shemegi, nshamzoea. Lakini mie shahidi nimtoe wapi?"

Ulisikika mchele tu kwenye ungo. Usi alizitazama zile nyayo, akazihesabu kama alivyohesabu mipaka, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu, ukapata nuru ya mtu anayeamka kutoka maradhi marefu.

"Nshakumbuka," alisema.

Akakumbuka yote. Ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri. Borafya alikaa upande wa kibla, shahidi mwenziwe upande huu, yeye upande ule. Maneno ya hiba akayatoa neno kwa neno. Kahawa nayo akaikumbuka, na kwamba ilizidi tangawizi. Simai akaambiwa aandike, akaandika, mwandiko ukipanda na kushuka, lakini ulisomeka. Usi akatia saini, Jaku akatia dole, na Hasnain akaweka jina lake kamili pamoja na anuani ya duka. Kisha akampiga Usi picha mbele ya mlango wake, nyayo zikionekana. Akasema kifaru wa bara alikuwa mkubwa, hakatai, lakini hakuwahi kumfikisha mtu nyumbani kwa watu. Jaku alirudi na wageni wake barabarani akitembea kifua mbele, na sidhani kama mwaka ule alimwonyesha tena mtu yeyote kima.

Alasiri Kazija alikwenda kwa Bi Mwatima na kawa limefunika sahani ya mkate wa kumimina. Wakasalimiana, wakaulizana hali, wakasifu mvua. Bi Mwatima alikuwa na shukurani, hajui aanzie wapi, na alikuwa na hofu vilevile.

"Bi Mwatima," alisema Kazija, "hivi chui gani huyu mwenye mguu mmoja tu, wa kulia, tena wa mbele? Siku nyengine mchongee na wa kushoto."

Bi Mwatima akaziba uso kwa kanga. Kazija akamweleza yote kwa utulivu. Alikuwa macho tangu mapema, alimwona kwa tundu la dirisha, akamwona anavyokimbia, na akauona mguu wa vidole vinne umejaa uwanjani kwake. Akachukua ufagio kabla Usi hajamaliza kutawadha. Usi alitokea na kurudi kwa mlango wa uani, hakuona kitu.

"Lakini kwa nini?" aliuliza Bi Mwatima. "Shamba lingekuwa lenu."

Kazija alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Akasema lisingekuwa lao. Usi alikwisha posa mke wa pili, huko Kitogani, na nyumba ya bibi harusi ilikuwa ijengwe pale penye migomba, karibu kiasi cha yeye Kazija kusikia wakicheka. Wazee wa msichana walitaka shamba kwanza. Sasa shamba hakuna. Mchana ule ule Usi alikwenda kuposoa, kuivunja ile posa.

Wakatazamana, na Bi Mwatima akalia, akacheka, akalia tena, akamshika mwenziwe mikono yote miwili. Alimwambia kuwa amemwokoa, na kwamba tangu Borafya afe leo ndiyo siku ya kwanza hajajiona peke yake duniani. Kazija naye machozi yakamlenga. Kisha akajifuta, akainuka, akachukua kawa lake, na alipofika mlangoni akakumbuka alichotumwa.

"Mume wangu hana raha. Anaona bora ajitolee huyo mbuzi wa mwezi mpya yeye mwenyewe, isiwe nongwa. Kasema nikuulize, chui anapenda dume au jike?"

Bi Mwatima akafikiri.

"Mwambie dume," alisema. "Na mchele pishi mbili."