Kitana cha Fundi Saa

...tuliza kidevu hapo, mama, asema daktari, nami nimekituliza, kidevu kwenye kikombe cha plastiki, paji la uso kwenye mkanda, taa inalichoma jicho la kushoto, hili lililobaki, maana la kulia jana niliamka nikalikuta limezimika, bila maumivu, kama mtu aliyefunga dirisha akaenda zake, na binti yangu nyuma ananijibia kila kitu, ni presha tu, daktari, mama ana presha siku nyingi, huyu tangu utotoni mdomo haumkai... ukila, mama, taya zinachoka? taya, jamani, nimeleta jicho ananiuliza taya, zinachoka ndiyo, mkate nautafuna nusu nauacha, lakini chakula cha mtu mmoja hakiliki, wote walisema hivyo tangu tumzike mume wangu, ni upweke, utazoea, na yeye, fundi saa mzima, alikula mbiombio kama saa za watu zote zinamsubiri yeye, kisha anisukumie sahani, malizia wewe mwenye meno... na ukichana nywele, kichwa kinauma?

Kitana, kitana chake marehemu, chenye pengo... kila Jumapili mchana akinikalisha kwenye kigoda mlangoni, penye mwanga, miwani ya kazini puani, vidole vinanuka mafuta ya saa, anachambua fundo kwa fundo, hizi nywele zina skrubu nyingi kuliko saa ya ukutani, nacheka mpaka mabega yanatikisika, tulia bibi wee, unanipotezea njia... ee Mola, nilivyompenda mtu yule... sasa najichana mwenyewe, na tangu mwezi uliopita kitana kikigusa tu kwenye panja, hapa kati ya jicho na sikio, nasikia moto, hata mto unaniuma, nikasema ndiye huyo, ananikumbuka, nikajifunga kitambaa na maumivu yangu nikayatunza kama zawadi... nauliza hivi, mama, kwa sababu mshipa wa fahamu wa jicho umekosa damu, ikiwa ni presha na mambo kama hayo tutakwenda nayo polepole, ila ikiwa mishipa ya damu ya kichwani imevimba, jicho la pili linaweza kufuata siku yoyote, dawa inaanza leo, hatungoji majibu... kichwa hakimuumi, daktari, angetuambia, binti yangu huyo tena... mishipa, kumbe, mishipa imevimba tu, na nikisema watanipa vidonge, moto utazimika, na yeye ataniondokea mara ya pili, nitabaki na kitana kisichosema kitu... lakini jicho hili ndilo linalomwona kila asubuhi kwenye picha juu ya kabati, kichwa kimeinama upande, anakaribia kucheka, likifuata lile jingine nitamwona na nini... na hebu kumbuka vizuri, mwanamke wewe, Jumapili zote zile, mafundo yote yale, lini aliwahi kukuumiza, alikuwa akishika nywele karibu na shina ndipo avute, usisikie kitu, hata siku moja hukusikia kitu, basi huyu anayenichoma si yeye, hakuwa yeye... mama, umenisikia? taa ni ileile, kidevu kiko palepale kwenye kikombe, machozi yanateremka upande usioona na upande unaoona, kinauma, nasema, kinauma sana, daktari, nikichana nywele.