Sari Sita Nyeupe

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa jirani, mimi na bibi tulinyoosha sari yake. Yeye alikuwa amekwisha kuoga na kuifua mwenyewe kwenye bomba la uani. Kazi yangu ilikuwa kushika pembe mbili za upande mmoja, naye anashika mbili za upande wa pili, tunarudi kinyumenyume hadi kitambaa kikaze, tunakikung'uta mara tatu, halafu tunaanika. Sari ya bibi haikujua pasi. Kule kuvutwa ndiko kulikokuwa pasi yake.

Asubuhi ile tulikuwa tumekung'uta mara moja tu, bibi akaachia. Upande wake ukaanguka kwenye sakafu yenye maji. Nikadhani ni kizunguzungu, maana joto la Choitro, mwezi unaofunga mwaka wetu wa Kibengali, lilikuwa limeshawaangusha watu wazima sokoni. Nikamkimbilia.

"Niko sawa," akasema. "Hiyo chukua wewe. Kashone."

"Bibi, hii bado nzima."

"Ina tundu."

Nikalitafuta tundu, sikuliona. "Liko wapi?"

"Utaliona," akasema, akaingia ndani kusali.

Nikabaki nimeshika sari iliyolowa, sijui niianike au niikunje. Ilikuwa ya tatu kunipa ndani ya mwezi mmoja, na alikuwa nazo sita tu.

Ukweli ni kwamba jambo hili nililianzisha mimi. Nafundisha watoto wadogo katika shule moja hapa Krishnanagar, na sare tuliyopewa walimu ni ya poliesta, rangi ya maji ya bahari. Ukiivaa saa moja asubuhi, saa mbili imeshikamana na mgongo. Shingo yangu ilijaa harara hata nikawa siwezi kugeuka bila kujikuna, na watoto wakaanza kujikuna pamoja nami wakidhani ni mchezo. Wakubwa wakaturuhusu kuvaa tunachotaka hadi mvua zinyeshe. Hapo ndipo nilipomwomba bibi sari yake iliyochakaa kuliko zote, ile iliyokuwa karibu kwenda jikoni kuwa tambara. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi hata ukiilaza juu ya mkono unaona vinyweleo vyako kupitia kitambaa. Nikaishonea gauni pana lisilo na mikono kwa cherehani ya mama. Nilipolivaa mara ya kwanza na upepo ukaingia, nilikaribia kulia kwa raha.

Mama hakupenda.

"Msichana hajaolewa, unavaa nguo ya mjane," alisema. "Unamwitia nani mabaya?"

"Mama, ni pamba tu."

"Pamba tu kawaambie shangazi zako. Tia rangi. Hata uzi mmoja mwekundu, tia."

Babu alikufa baba akiwa na miaka minne. Tangu siku hiyo bibi Kironbala amevaa nyeupe isiyo na pindo la rangi, akipewa mbili kila mwaka: moja mwaka mpya, moja sikukuu ya Durga. Siku hizi wajane wengi hawafuati hayo, hata mtaani kwetu, lakini bibi hakuwahi kuacha, na sisi hatukuwahi kufikiri kama kuna la kufikiri. Nikatia uzi mwekundu shingoni na chini kwenye upindo, ili mama anyamaze. Bibi alivuta kigoda akakaa karibu yangu muda wote wa kazi ile, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nilipomaliza akaliomba gauni, akasugua ule uzi kwa kidole gumba.

"Huu utachuja?"

"Hauchuji, bibi."

"Vizuri," akasema, akanirudishia.

Kisha rafiki yangu Oindrila, tuliyesoma naye botania huko Kolkata, akaona picha yangu na kuuliza ni duka gani. Mimi ambaye uso kwa uso nameza maneno, kwa maandishi huwa sina breki. Nilimwandikia ukurasa mzima, na jioni nikamsomea bibi nikitaka kumfurahisha. Niliandika kwamba bibi yangu amevaa hivi kwa miaka arobaini na sita. Kwamba nguo yake haina dawa ya rangi ya kumwagwa mtoni, imefumwa kwa mkono, inapitisha hewa. Kwamba ikichanika inatiwa kiraka, kiraka kikichakaa inakuwa tambara, na tambara likiisha linawashia jiko. Na kwamba sisi vijana ndio kwanza tunajifunza alichokijua yeye zamani.

Bibi alikuwa anamenya maembe mabichi. Kisu kikasimama.

"Yote hayo umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Na huyo mwenzako naye anaitaka?"

"Anaitaka sana."

"Ana mume?"

"Bado."

Akamenya embe moja lote. "Na wewe ukipita njiani umeivaa, watu wanakwambiaje?"

"Wananiambia nimependeza."

"Hawaulizi kingine?"

"Kingine kipi, bibi?"

"Basi," akasema. Siku tatu baadaye akanipa sari ya pili, bila kuombwa. Na sasa hii ya tatu yenye tundu lisiloonekana.

Wa kwanza kuogopa alikuwa mama. Mama na bibi hugombana kila siku ya Mungu: chumvi, mlango wa jikoni, nani kahamisha mtungi. Lakini ni mama aliyekuwa akihesabu nguo kwenye kamba.

"Toru, njoo hapa," akaninong'oneza siku ile mchana, tukila wali uliolala majini na vitunguu. "Umemfanya nini bibi yako?"

"Sijamfanya kitu."

"Dada yake alianza hivihivi. Kwanza akagawa nguo. Halafu akagawa kitanda. Halafu tukasikia ameshapanda kivuko kwenda Nabadwip, kukaa na wajane wa hekaluni, kuimba hadi kufa. Baba yako alimfuata, akakataa kurudi." Akasukuma sahani. "Huyu naye akienda, mimi nitagombana na nani humu ndani?"

Nilijiona nimekaa pale na gauni langu la hewa, nimemwambia mwanamke wa miaka sabini na miwili kwamba nguo zake zinafaa kuisha vizuri, nikamsomea hadi mwisho, hadi kwenye jiko. Pengine alielewa kwamba namwambia muda wake umefika.

Usiku baba akatumwa kuuliza. Baba ni mwalimu wa hesabu; kwa watoto wa watu anatisha, kwa mama yake ni mtoto. Aliingia chumbani kwa bibi, akakaa dakika kumi, akatoka.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Presha yake ni nzuri."

"Nilikutuma presha?"

"Nilianzia hapo," baba akasema, "nikashindwa pa kupitia."

Kesho yake nikajaribu mimi. Bibi alikuwa amelala sakafuni chini ya feni, ubavu wake kwenye saruji baridi.

"Bibi, kuna mahali unataka kwenda?"

"Niende wapi na jua hili?"

"Na jua likipungua?"

"Toru, una maswali ya karani. Niletee maji."

Nikaleta maji. Nikamtazama akinywa. Sikuona uso wa mtu anayeaga, wala wa mtu anayebaki. Alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijajibu.

Nikaamua kumrudishia. Nilikuwa sijaikata ile ya tatu, basi nikaikunja vizuri, nikaiweka ndani ya sanduku lake alipokwenda kuoga. Asubuhi nikaikuta juu ya cherehani. Nilipoifungua, tundu lilikuwepo kweli: la ukubwa wa sarafu, katikati, kingo zake safi, limekatwa kwa mkasi. Mkasi wenyewe ulikuwa wangu, umerudishwa mahali pake ukielekea upande usio wake.

Sikumwambia mama. Ningesema nini? Kwamba bibi anatoboa nguo zake kwa siri? Nilifikiria ugonjwa wa uzee, ule wa kusahau, lakini bibi alikumbuka kila kitu, hata deni la kikombe cha sukari la jirani aliyehama. Wiki ile ikapita, akanipa ya nne. Nyingine ikapita, ya tano. Sasa akabaki na moja. Kila asubuhi akiisha kuifua tulikuwa tukiinyoosha kama kawaida, kisha anaingia chumbani na gaguro na blauzi tu, anaurudisha mlango, anangoja.

"Bibi, utakaaje hivyo?"

"Kwa joto hili? Inakauka kabla sijafika nusu ya sala."

Wiki ya mwisho ya Choitro, kama kila mwaka, akaja Gopen Basak. Huyu ni mfumaji wa Fulia, anashuka kwenye treni ya asubuhi na furushi begani, amekuwa akituletea sari tangu kabla sijazaliwa. Akakaa barazani, mama akampa sharubati ya embe la kuchoma, akafungua furushi na baraza yote ikawa rangi.

"Shemeji, hii ya haradali nimeifuma nikikufikiria wewe. Ukiivaa, mwalimu atasahau kusahihisha madaftari."

"Mwalimu anasahau hata kula," mama akasema. "Onyesha nyingine."

Gopen akatoa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti, akakisukuma pembeni bila kukifungua. "Na hii ya bibi mkubwa. Ileile."

Ndipo baba aliyekuwa mlangoni, mtu ambaye hajawahi kusema neno siku ya sari, akasema, "Ya mama tupe nne."

Gopen akamwangalia. "Nne? Bibi mkubwa anafungua duka?"

"Nne," baba akarudia. Nikaelewa. Alikuwa hajapata pa kupitia, sasa amepata. Mtu mwenye sari nne mpya haondoki nyumbani.

Gopen akachomoa nyingine tatu alizowabebea wajane wengine, na bibi akaitwa. Akaja na ile moja yake, ncha imefunika nywele, akakaa kwenye kigoda. Baba akampakatisha sari zile nne nyeupe kwa mikono miwili, kama anavyoweka sadaka hekaluni. Bibi akazitazama. Kisha akaziinua, akaziweka sakafuni.

"Sizitaki."

Mama akaanza kulia palepale, kitambaa cha haradali bado begani. "Mama, jikoni nikikujibu vibaya ni mdomo tu. Kila mtu anajua ni mdomo. Usituache."

"Nani anawaacha?"

"Usiende Nabadwip."

"Nabadwip?" Bibi akatugeukia mmoja mmoja, amechanganyikiwa kuliko sisi. "Nikakae na wajane mia tano wanaoimba mchana kutwa? Mimi hata kuimba sijui. Nani kawaambia Nabadwip?"

"Nguo umezigawa zote," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulidhani unajiandaa."

Bibi hakumjibu. Akanitazama mimi, vilevile kama siku niliyomletea maji, akingoja. Nilikuwa nimevaa gauni la sari yake, nimeoga, nimepumua vizuri mwezi mzima kwa sababu yake, na sikujua ananidai nini. Watu walikuwa wengi, lakini nikasogea nikachuchumaa mbele yake.

"Bibi, mimi sielewi," nikasema. "Niambie tu."

Akachezea kingo za sari aliyoivaa, pale ambapo hapakuwa na pindo.

"Nilidhani zikiisha," akasema, "kuna mtu ataniuliza nataka ipi."

Feni ya ndani ilikuwa inapiga kelele yake. Baba akakaa chini barazani, akazikunja upya zile sari nne ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Mimi nilianza kuzivaa nina miaka ishirini na sita," bibi akaendelea, akiniambia mimi peke yangu. "Kitambaa hikihiki. Hakuna aliyeniambia nimependeza. Walikuwa wakiniuliza amekufa lini." Akanigusa bega, juu ya gauni. "Nguo haina kosa. Ni nzuri kwa joto, umeandika kweli."

Gopen Basak alikuwa ameshikilia gilasi tupu muda wote huo. Akaiweka chini polepole, akafuta mikono kwenye magoti, akaanza kuzipanga tena sari zake barazani, moja kando ya nyingine, hata zile za chini kabisa ambazo alikuwa hajazitoa.

"Bibi mkubwa," akasema, "unataka ipi?"

Bibi akaziangalia muda mrefu. Alitazama ya haradali, akatazama ya samawati, akaipita. Mkono wake ulikwenda, ukarudi mapajani, ukakaa. Mama aliacha kulia ili asikie.

"Ile ya zambarau," bibi akasema. "Pamba hiyohiyo, nyepesi hivihivi, nisije nikaungua. Lakini nataka ile ya zambarau."