Keki ya Kuliwa Kimya

Asubuhi ya Setsubun, siku ambayo watu hufukuza mashetani kwa kurusha maharage makavu, Bi Fumiyo Nagase aliingia katika mkahawa wa Suzuran akiwa na jambo la kusema na hila ya kulisemea.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bwana Hasuda, mwenye mkahawa, aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma, alikuwa amemwomba waoane, naye Fumiyo, mjane vilevile, amekubali. Aliyebaki kuambiwa ni mtu mmoja tu, rafiki yake Kikue Torii. Na huyo ndiye aliyemkosesha Fumiyo usingizi tangu mwaka mpya.

Kikue alizaliwa Osaka, akakulia Osaka, na ulimi wake haukuwahi kufungwa breki. Ukianza kusema naye, anakudaka katikati na kukumalizia, tena anamalizia anavyotaka yeye. Mara tatu nne Fumiyo alijaribu. Kila akitamka jina la Bwana Hasuda, Kikue alirukia hadithi ya binamu yake Masae wa Nara, mwanamke mpweke mwenye mkono mtamu wa achari, ambaye yeye Kikue alikuwa amekwisha kuamua ndiye atakayeolewa na Hasuda. Alikuwa akiipanga ndoa hiyo mwaka mzima. Fumiyo alihofu kwamba siku atakapojua ukweli atanuna, na Kikue akinuna hununa kweli. Muuza samaki wa mtaani kwao hajasalimiwa naye hadi leo.

Wawili hao walikuwa na maduka yaliyotazamana sokoni tangu wakiwa mabibi arusi, mmoja akiuza vifungo, mwingine soksi. Kila asubuhi walikunywa kahawa pamoja. Fumiyo alikuwa amemwomba Mungu amwonyeshe njia ya kusema bila kumpoteza rafiki, na jibu lilikuja likiwa limebandikwa kwenye kioo cha mkahawa: menyu ya Setsubun, ya siku moja tu.

Kila mtu huko anaujua ule mviringo mrefu wa wali uliofungwa kwa mwani, unaoliwa usiku wa siku hiyo, mzima bila kukatwa, ukiwa umeelekea upande wa bahati wa mwaka, na bila kutamka neno mpaka umalize. Ukisema, bahati yote imemwagika. Bwana Hasuda alitengeneza wa keki. Chapati nyembamba ya kakao ilisimama badala ya mwani, na ndani yake mlikuwa na krimu, stroberi, njugu tamu na vikorombwezo vingine mpaka vikafika saba kama desturi itakavyo. Alipima upande wa bahati kwa dira, akabandika mshale wa karatasi sakafuni. Mshale ulielekea moja kwa moja kwenye mlango wa choo. Hakuubadilisha, maana bahati haichagui mandhari. Yeye mwenyewe alivaa mapembe ya shetani ya karatasi kichwani, na alikuwa akiifuta tena na tena kaunta iliyokwisha kung'aa, kwa kuwa alijua kinachokuja.

Kikue alifika akiongea tangu mlangoni. Mjukuu wake Chinatsu alikuwa na mtihani wa kuingia sekondari ya juu juma lijalo, na mviringo mmoja wa usiku hautoshi, bibi yake atakula na huu kumwombea. Akatania mapembe ya Hasuda, akauliza nani aliyewapangia wasali mbele ya choo, kisha akafumba macho, akaunganisha viganja, akamtaja mjukuu wake na kung'ata.

Fumiyo hakuigusa keki yake. Alisogeza kiti karibu.

"Kikue, usinijibu," alisema taratibu. "Una mtoto wa kufaulisha. Mimi na Bwana Hasuda tunaoana."

Taya la Kikue lilisimama. Hakuweza kugeuka, kwa sababu uso lazima ubaki kwenye bahati. Aliukodolea macho mlango wa choo huku masikio yakiiva. Wakati huohuo mlango ukafunguka, na mzee mmoja akatoka akifunga mkanda, akakutana na macho yale, akainama kuomba radhi bila kujua kosa lake.

Fumiyo aliona hila yake imefaulu. Alieleza yote bila kukatizwa, jambo ambalo hakuwahi kulionja katika urafiki wao. Akamaliza. Akangoja.

Kikue akatafuna. Keki ambayo mtu mzima angeimaliza upesi, yeye aliila kama kifaranga anayedonoa. Ananyofoa kidogo, anatafuna, anapumzika, anautafakari mlango. Fumiyo akaizungusha sahani yake. Kimya kile alichokitafuta kilimwelemea kuliko kelele zote, na mdomo ukaanza kumponyoka. Akasema ile picha ya Masae aliyopewa ampelekee Hasuda hakuipeleka, imelala kwenye droo yake ya soksi. Kikue akang'ata punje. Fumiyo akasema nguvu za kuhama nyumba anazo.

"Ila hiki kiti mbele yako siwezi kukihama. Ukininunia, nitakuwa nimeolewa na bado niko peke yangu."

Hapo Kikue alisukumia kinywani kipande chote kilichobaki, akameza, akanywa kahawa, akajifuta mdomo kona moja baada ya nyingine. Kisha akaisogeza sahani ya Fumiyo.

"Zamu yako, mwenzangu. Kula. Tazama choo. Na nisikie pumzi tu."

Fumiyo aliunganisha viganja. Dua yake ilikuwa moja, na mwenye kuijibu ameketi pembeni yake. Akang'ata.

"Mtaoana Aprili, kabla mvua haijaanza," alisema Kikue. "Utavaa kimono yangu ya zambarau, ile uliyosema inanigeuza biringanya. Masae atakaa meza ya mbele, na wewe mwenyewe utamweleza picha yake ililala na soksi za nani. Kahawa ya asubuhi tunakunywa hapahapa, mimi na wewe. Huyu mwenye mapembe akithubutu kukuvisha aproni saa hiyo, namtoa kwa maharage."

Machozi yalimshuka Fumiyo mpaka kwenye krimu. Kuhusu ile kimono alikuwa na mengi ya kusema. Akatafuna.

"Mwenye pingamizi aseme sasa," akasema Kikue, akitazama kaunta.

Bwana Hasuda alifungua mdomo. Akamtazama Kikue, akamtazama Fumiyo aliyeelekea bahati huku mashavu yamevimba. Akachukua mviringo mmoja kwenye trei, akafuata mshale kwa macho, akageukia choo, akang'ata.