Filimbi ya Phiona

Pua ya Phiona ilipiga filimbi. Tangu bodaboda imwangushe karibu na mpaka, na madaktari wamuunge pua mara ya kwanza, miezi kumi sasa, tundu la kushoto lilikuwa limeziba nusu. Kila akivuta pumzi, fii! Kwenye masomo ya jioni wenzake walishamzoea. "Refa ameingia," Babra husema, na kicheko huzunguka madawati.

Asubuhi ile hakutulia. Alijifunga leso, akaifungua. Alimbeba mwanawe Mangeni mgongoni, akamshusha. Madaktari wageni walikuwa Tororo, na waliotaka kupasuliwa upya wangeandikwa leo tu. Atakayekosa, angoje miezi sita mizima.

"Wewe natembea-tembea kama kuku nataka kutaga," alisema Benedeta, mama mkwe wake. "Twende. Mtoto nitashika mimi."

Huko Tororo, Daktari Ecweru alimpapasa pua kwa ncha za vidole, juu, pembeni, tena juu. Akakunja uso.

"Huu uvimbe ungekuwa umeshapungua. Nani anaishika hii pua?"

Phiona aliinamia sakafu. Benedeta ndiye aliyejibu, kifua mbele.

"Mimi, dakitari. Kila jioni. Kitambaa cha moto, navuta hivi, nabana hivi. Watoto yangu saba nilinyoosha pua zao kwa beseni ya kuogea. Ona huyu!" Akamwinua Mangeni, ambaye pua yake, kusema haki, ilinyooka kama rula.

Daktari hakucheka. "Mama, pua ya mtoto mchanga ni jambo lingine. Hii imepasuliwa. Umeifinya ikavimba, ukaifinya tena." Akamgeukia Phiona. "Nikipasua kesho, nitakuwa nachonga uvimbe. Ukishuka, pua inaweza kupinda upya, na mara ya tatu ni kazi ngumu zaidi. Isipoguswa miezi sita, tutaiona pua yenyewe. Lakini mwenye pua ni wewe. Nikuandike lini?"

Phiona aliomba dakika moja, akatoka barazani na mtoto. Alikwenda hadi kwenye bomba, akarudi. Akaenda tena. Miezi sita! Alikuwa ameshaiota kesho hiyo: kulala mdomo umefungwa, kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila refa. Na angemlaumu nani? Nani humwambia mama mkwe ondoa mkono?

Mangeni akainyaka ile pua, akaivuta kwa furaha yake yote. Maumivu yalipanda hadi kisogoni, machozi yakamtoka. Phiona alisimama palepale, akausikiliza uchungu unavyopwita. Kidonda hiki bado kibichi, akawaza. Kibichi kabisa.

Akarudi ndani. "Niandike ya miezi sita."

Wakarudi nyumbani Busia. Jioni, mazoea yana nguvu, Benedeta akachemsha maji, akakamua kitambaa, mkono ukaelekea usoni. Phiona akaudaka.

"Mama."

"Aa! Nimesahau, mwanangu." Mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda.

Phiona aligeuka, akauweka shingoni mwake. "Hapa ndipo panauma. Bana hapa."

Benedeta akabana, taratibu, hadi saa ya masomo ikafika.

"Refa ameingia!" Babra akapaza sauti alipomwona kwenye mlango wa darasa.

"Kaeni chini," Phiona akasema, akivuta kiti. "Mechi bado miezi sita."

Akafungua daftari, akavuta pumzi. Fii!