Ufalme Usio na Mdomo

Mkasi alisoma maneno yale kwenye kompyuta akadhani macho yamemdanganya. Akasoma tena. Ufalme wake, pamoja na miji aliyoijenga kwa jasho na wapanda farasi wake wote, ulikuwa umekabidhiwa kwa shemeji. Wala hakushindwa vitani. Alitolewa tu kwenye mkataba wa amani, kama nyongeza ya kumlainisha mtu akubali bei, na aliyemtoa ni kaka yake wa tumbo moja.

Mkasi lilikuwa jina la kazini. Katika karakana ile ya mapazia na vitambaa vya makochi, yeye ndiye aliyekata na wengine wakashona. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa msemaji. Wateja, wauza vitambaa, watu wa kodi, wote waliongea na yeye. Shemeji, yaani ndugu yake wifi, aliendesha pikapu ya kupeleka mizigo, na alikuwa bingwa wa kufika amechelewa na sababu yake mkononi.

Jioni, mafundi wakishaondoka, watatu hao walicheza kwenye kompyuta ile ile ya kuwaonyeshea wateja mitindo ya mapazia. Mchezo ulikuwa wa zamu. Kila mmoja ana ufalme wake. Unasogeza majeshi, unajenga, unapatana na jirani au unamkorofisha, kisha unampisha mwenzako kwenye kiti. Mlango haufungwi mpaka wote wamecheza. Hiyo ndiyo sheria waliyojiwekea tangu marehemu baba alipowaachia Mkasi na kaka yake karakana, na hata siku walizonuniana waliifuata.

Sasa, katika mchezo huo, ufalme ukizidiwa unaweza kujiweka chini ya ufalme mwingine. Unabaki na miji yako na askari wako, ila mdomo unaukabidhi. Huwezi kutangaza vita, huwezi kuomba amani, huwezi hata kumsalimia jirani. Mkubwa wako ndiye anayekusemea, na akitaka anakugawa. Shemeji alipomzingira Mkasi mpaka akakosa pa kupumulia, kaka alimwambia njoo chini yangu, mimi nipo, nani atakugusa? Akaenda. Tena alishukuru, maskini, akaona ana kaka na nusu. Kumbe alikuwa anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Alipomuuliza kaka yake imekuwaje, kaka alicheka. Akasema vita ilikuwa imemchosha, shemeji alitaka kitu ndipo atulie, na huo ni mchezo tu, mtu mzima hakasirikii picha. Mkasi alimeza mate. Alikuwa tayari kuyameza na mengine, maana kumeza ndiyo kazi aliyoizoea kuliko hata kukata. Lakini shemeji hana breki mdomoni.

"Usijali, dada," alisema, huku akijinyoosha kwenye kiti. "Hata kule tawini nitakuwa bosi mzuri."

Tawi! Hebu tuseme ukweli. Chumba cha tawi jipya la karakana alikitafuta nani? Mkasi, kwa miguu yake, mtaa kwa mtaa, siku za mapumziko. Nani aliyepima madirisha, akagundua ukuta wa nyuma unavuja, akawapata washonaji wawili wa kuanza nao? Mkasi huyo huyo. Na kaka yake alimwahidi kwa mdomo wake, mbele ya wifi, kwamba siku tawi likifunguliwa atakayelisimamia ni yeye. Aliishi kwa ahadi hiyo. Alikata mapazia ya watu mpaka vidole vikafa ganzi, akijiambia kesho atakata kwenye meza yake mwenyewe.

"Bosi wa nani?" aliuliza.

Shemeji akajitia hamnazo, akawa anaangalia kompyuta kana kwamba majeshi yake yamemwita. Kaka akakohoa. Akaanza kuzunguka, mara wifi yako anateta nyumbani kila siku, mara huyu kijana anataka kuoa na hawezi kwenda ukweni akajitambulisha kama dereva. Halafu, alisema, tawi linataka mtu wa maneno, wa kukaa na watu, na Mkasi kila mtu anajua ni wa mikono. Alimvisha kilemba cha ukoka hapo hapo: bila mikono yako hapa karakana inakufa, dada yangu, nitakuachaje uende?

"Kwa hiyo umeshampa."

"Nilijua utakubali," kaka alisema kwa upole. "Nimeshakusemea."

Mkasi alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Amemsemea! Alimsemea kwa nani? Na lini? Watu wamekaa mezani, wamekula, wameshiba, wamemgawa, na yeye yuko karakana amepiga magoti juu ya kitambaa, pini mdomoni. Alitaka kupindua ile kompyuta. Alitaka kumshika shemeji ukosi amtoe nje na kiti chake. Alimwambia kaka yake kwamba ni mwongo, tena mwongo mbaya, wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Sauti ilimtetemeka, na kutetemeka huko kukamuudhi zaidi.

Hapo ndipo aliingia bibi mwenye nyumba, yule wa chumba cha tawi, akihema, mkoba kwapani. Yeye na Mkasi walikuwa wameahidiana aje kukabidhi funguo jioni hiyo. Alisalimia, akaketi bila kukaribishwa, akazitoa. Kaka alikuwa tayari amesimama na tabasamu lake la wateja. Alimweleza bibi kwamba kumetokea mabadiliko madogo. Dada yake ameamua kubaki karakana, na chumba atakichukua huyu shemeji yao.

Bibi hakumtazama shemeji. Alimgeukia Mkasi.

"Mimi niliongea na wewe, mama. Unasemaje?"

Na Mkasi alifanya nini? Alimtazama kaka yake. Shingo iligeuka yenyewe, kama ilivyozoea miaka yote, ikasubiri ajibu. Na kaka, bila aibu, alikuwa ameshafungua mdomo.

Jamani, hasira ile! Ile ya kwanza ilikuwa kwa kaka, na ya pili kwa shemeji, lakini hii ilikuwa kwake mwenyewe, kwa shingo yake mwenyewe, na hakuna wa kumsukumia.

"Nyamaza, Kaka," alisema.

Hajawahi kumwambia hivyo tangu wazaliwe. Shemeji aliacha kubonyeza. Mkasi akamwambia bibi kwamba hajaamua kubaki popote, aliyesema hivyo amesema ya kwake. Chumba anakichukua yeye. Akanyoosha mkono, na bibi akazitia funguo kiganjani mwake.

Kaka alisema akitoka nazo asirudi. Mashine ni za karakana, washonaji ni wa karakana, wateja ni wa karakana. Mkasi alijua hayo yote ni kweli. Akaanza kukusanya mikasi yake. Ndipo kaka akamfuata mpaka mezani, na safari hii hakuwa na ukali. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, kama mtu anayemwona mtoto akivuka barabara peke yake.

"Sasa kule nani atakuwa anakuongelea?"

Alimaanisha. Hilo ndilo lililomuuma Mkasi kuliko tawi, kuliko kuitwa wa mikono. Miaka yote hiyo kaka yake alidhani anamtendea wema.

Mkasi alimgeukia bibi, akamwambia ule ukuta wa nyuma unavuja, na kodi ya mwezi wa kwanza halipi mpaka uzibwe. Bibi akaruka, akasema ukuta ni mzima. Mkasi akamwambia si mzima, ameugusa kwa mkono wake. Wakatoka mlangoni wanabishana, na mpaka wanafika kona ya mtaa yeye ndiye aliyekuwa anaongea zaidi.