Kivuli Kilichoshika Nafasi

Mgeni alifika kwenye kituo cha chaji cha Diani Jumanne asubuhi, Nzai akiwa anachovya hamri kwenye mbaazi. Nzai alikuwa mlinzi wa lango. Aliona kivuli kikija kutoka barabarani, kimelala chini kama vivuli vilivyo, ila juu yake hapakuwa na mtu. Kilikuwa na kofia na kitambi. Nzai akainuka kukifungulia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

"Assalam aleikum," kilisema kivuli.

"Waaleikum salaam. Karibu. Wa nani?"

"Wa Bwana Abdulrahim. Nimeambiwa nishike nafasi."

Kikaenda kukaa kando ya gari jeupe la Bwana Abdulrahim, mwenye nyumba za wageni kule Galu. Gari lilikuwa limechomekwa tangu alfajiri. Nzai akarudi kwenye mbaazi zake kabla hazijapoa.

Kituo kilikuwa na plagi mbili. Moja ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, na fundi alikuwa anakuja tangu Ramadhani. Iliyobaki ndiyo iliyotumiwa na watu wote.

Twaiba alifika na tuktuk yake ya umeme jua likiwa limepanda. Alikuwa amemaliza chuo, hoteli hazikumpa kazi, akawa dereva. Kila Jumanne na Ijumaa alimpeleka jirani yake wa Mwabungo, Bi Mwanaima, hospitalini Msambweni kusafishwa damu. Mtoto wa Bi Mwanaima, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alimpigia simu mwanzoni akamwomba jambo moja tu: amchukue mama yake na kumfikisha kama alivyotoka nyumbani, asipungukiwe na kitu. Twaiba akasema inshallah, nimekuahidi.

Yeye pia ndiye aliyeanzisha adabu za kituo. Aliziandika kwenye kundi la simu la wanaochaji hapo: aliyejaa achomoe, anayeondoka aache namba, mgonjwa atangulie. Aliamini kwamba watu wakielezwa vizuri hufanya vizuri. Bwana Abdulrahim alikuwa wa kwanza kujibu. "Mashallah, ustaarabu ndio huu," aliandika, akaweka na maua.

Sasa gari lake lilikuwa limejaa. Ndani hamkuwa na mtu, ila kiyoyozi kilikuwa kikivuma, vioo vimefanya ukungu, na maji yaliyodondoka chini yalikuwa yamefanya kidimbwi ambamo kunguru alikuwa akioga.

"Mpigie mwenyewe," alisema Idris, kijana wa bodaboda ya umeme aliyekuwa akisubiri kwenye saruji.

Twaiba akapiga. Simu ikaita ndani ya gari.

Akakiendea kivuli. "Samahani bwana. Gari limejaa."

"Naliona."

"Basi naomba nichomoe. Nina mgonjwa."

"Pole sana. Mungu ampe shifaa. Lakini bosi anataka akirudi jioni alikute baridi."

"Baridi?"

"Viti ni vya ngozi, dadangu."

Idris alicheka. "Ya Rabi! Hata kivuli cha tajiri kina kitambi. Changu mimi kinahesabika mbavu."

"Idris, heshima," alisema Nzai. "Huyo ni mgeni."

Twaiba angeweza kunyoosha mkono akachomoa. Hakunyoosha. Alikulia kwenye foleni ya maji, na kwenye foleni ya maji ukikuta mtungi wa mwenzio umepangwa mbele, hata kama ni mtupu na mwenyewe amekwenda kusuka nywele, huusogezi. Watu waligombana na ndugu zao kwa sababu ya mtungi uliosogezwa. Kivuli ni zaidi ya mtungi.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Kivuli kilikuwa kimefupika kwa sababu ya saa, na kilisikiliza adhana hadi mwisho.

"Tangu aanze kunituma," kilisema, "sijawahi sala ya jamaa hata mara moja. Benki, bandari, kliniki, kila mahali nashika nafasi. Ningepata wa kunishikia, ningekwenda, nawe ungechaji."

"Nzai atakushikia."

"Lazima kiwe kivuli."

Twaiba alitazama betri yake, kisha saa. Bi Mwanaima alikuwa na zamu ya mchana, na alikuwa akingoja barazani, mkoba umeshafungwa.

"Chukua changu," alisema.

"Uape kwamba hakitaondoka mpaka mwenye gari akiambie."

"Naapa."

Akavua ndala, akakanyaga pindo la kivuli chake, akatoka ndani yake kama mtu anayetoka kwenye gauni. Kikabaki kwenye saruji, kimejifunga leso kama yeye. Jua likampata Twaiba pande zote kwa pamoja. Kivuli cha Bwana Abdulrahim kikamshukuru, kikaelekea msikitini. Yeye akachaji, na alipotosheka akalirudishia gari jeupe waya wake, kwa sababu adabu ni adabu.

"Kivuli chako umekiacha wapi?" aliuliza Bi Mwanaima njiani.

"Kwenye chaji, mama. Nitakipitia nikirudi."

Alipokipitia, hakikuwapo.

"Bwana Abdulrahim amekuja," alisema Nzai. "Amefungua mlango, kikaingia, wakaenda."

"Hakuona kwamba ni cha mwanamke?"

"Hakuangalia chini."

Kile cha kwanza hakikurudi. Watu walisema kilionekana baada ya sala kikifuata barabara ya Shimoni, hakina haraka. Bwana Abdulrahim akawa anatembea Galu na kivuli kilichojifunga leso, na hakuna aliyemwambia. Wapangaji wake walikiamkia. Twaiba alimwandikia kwenye kundi, kwa upole, akieleza yaliyotokea. Alijibiwa maua.

Ijumaa alikwenda kituoni Bi Mwanaima akiwa tayari nyuma ya tuktuk, ili wasipoteze muda. Gari jeupe lilikuwa limechomekwa, limejaa, linavuma. Kunguru alikuwa kwenye kidimbwi. Kando ya waya kilikaa kivuli cha Twaiba.

"Bado, dadangu," kilisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Nimeambiwa nishike nafasi."

"Wewe ni wangu!"

"Najua. Na wewe ndiye uliyeniapia kwamba sitaondoka mpaka mwenye gari aniambie. Amekwenda Mombasa kwa rafikiye."

Twaiba alisimama hapo. Sheria zote alizoziandika alizikumbuka, na kila mmoja aliyezisifu. Idris alipiga teke ukuta, akaumia, akakaa.

"Mwanangu," aliita Bi Mwanaima kutoka kwenye tuktuk. "Kichukue changu kikae hapo badala yake. Mimi nalala tu kitandani huko, sikihitaji."

"Hapana, mama."

"Kizee, hakina kazi."

"Nimemwahidi mwanao nitakufikisha kama ulivyotoka."

"Alaa! Huyo hatajua. Yuko Maskati."

"Mimi nitajua."

Akawasha tuktuk na chaji iliyobaki. Ukunda wakaipita, na Mwabungo, na Kinondo. Baada ya Milalani tuktuk ikapunguza mwendo, ikasimama. Idris, aliyekuwa amewafuata, alikuwa ameishiwa chaji kabla yao na hakuonekana. Twaiba akashuka, akashika chuma cha nyuma, akasukuma.

Lami ilikuwa ikichemka. Asiye na kivuli jua humwingia hata kwa nyayo, na ndala zake zilikuwa zikinata. Bi Mwanaima alitaka kushuka.

"Kaa, mama."

"Unakufa, mtoto wewe."

"Sifi. Kaa."

Bi Mwanaima akafungua leso yake, akaipitisha nje kwa nyuma, akaishikilia kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Twaiba. Malori ya miwa kutoka Ramisi yaliwapigia honi. Gari moja jeupe, si la Bwana Abdulrahim ila la aina hiyohiyo, liliwapita likiwa limefunga vioo.

Walifika langoni zamu ikiitwa. Twaiba akaegemea ukuta, midomo imepasuka, ndala moja hana. Alikuwa akitazama chini. Bi Mwanaima alishuka polepole, mguu mmoja kisha mwingine, na kivuli chake kikashuka nyuma yake, kizima, kimebeba mkoba.