Dakika za Kumpigia Mama

Ujerumani ukitaka laini ya simu, wanataka roho yako kwanza. Duka la kwanza walidai nisaini mkataba wa miaka miwili na niwe na akaunti ya benki. Akaunti naitoa wapi? Nilikuwa mgeni, nimekuja kusomea kazi ya kutunza wazee, hata kitanda nilicholalia kilikuwa cha hosteli. Duka la pili waliniuzia laini ya bei nafuu, nikafurahi kama mwehu, kumbe ni ya intaneti na ya kupiga humohumo Ulaya. Ukipiga Tanzania, hujamaliza kusema shikamoo salio limekwisha.

Wenzangu wa darasani walinicheka. "Si utumie intaneti? Ni bure!" Bure kwa nani? Mama yangu yuko Kigonsera, ana kitochi kisicho na intaneti, na kitochi chenyewe kinashika mtandao mahali pamoja tu, pale kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Habari zake nilizipata kwa mtoto wa mjomba, Valence, anayekaa Mbinga mjini na ana simu kubwa. Kila nilipomwandikia, alijibu yaleyale: "Mama anakusalimu sana." Salamu za kuandikwa hazishibishi. Nilitaka sauti yake, anigombeze kidogo. Nililia kwa kuikosa, sioni haya kusema.

Basi nikauzunguka mji, duka hadi duka, mpaka nikafika kwa Tesfai, Mweritrea mwenye kiduka karibu na stesheni ya treni. Huyo hakuniuliza mambo ya benki. Alikuwa na laini yenye dakika za kupiga Afrika mwezi mzima. Tukavutana bei kama tuko soko la Mbinga. Akapunguza huku akilalamika kwamba namfilisi.

"Jaribu hapahapa," akasema. "Usije kesho na kelele zako."

Nikapiga simu ya mama. Iliita sana, kisha akapokea mama mdogo, Theodosia.

"Shikamoo mama mdogo! Ni mimi, Dafrosa!"

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Nipe mama."

"Hapo uko na nani?"

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba kwa maandishi, wala haambiwi akiwa peke yake. Anaulizwa kwanza kama amekula, halafu yuko na nani. Mama mwenyewe ndivyo alivyomwuliza kwa simu jirani yetu Notburga, mwanawe alipozama ziwani kule Mbaha. Nilikuwepo, nikasikia.

"Niko peke yangu, mama mdogo. Sema tu."

"Siwezi. Tafuta mtu."

"Huku sina mtu!"

"Tafuta, mwanangu. Mimi nasubiri."

Nikamgeukia Tesfai, nikamwomba aje upande wangu wa meza, anishike mkono. Alidhani laini ni mbovu, akaanza kujitetea. Aliponitazama usoni akavuta kiti, akanikalisha na kunishika mkono.

"Niko na mtu," nikasema.

"Ni nani wako?"

"Ni kaka."

Hapo ndipo akaniambia. Mama aliugua kifua, hakukaa sana, wakamzika Jumamosi. Wazee walikuwa wakitafuta mtu wa kunifikia ana kwa ana, na mtu wa kufika Ujerumani hakupatikana, kwa hiyo Valence aliambiwa aendelee na salamu. Jana tu alikuwa ameniandikia. Nilimtukana Valence pale pale, nikawatukana wenye maduka wote na mikataba yao, nikalia hadi wateja wakatoka. Tesfai hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, lakini mkono hakuuachia.

Mama mdogo alilia nami. Alipopata pumzi akauliza, "Simu yake hii tuizime sasa?"

"Msiizime," nikasema. Nilikuwa na dakika za mwezi mzima.